Kiungulia cha Askari na Haki Yake

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Ustawi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twajua kwamba baadhi yenu watatabasamu wakisikia kuwa Halmashauri imeshughulika mwaka huu na habari za kiungulia. Nani miongoni mwetu hajapata kuchomwa kifua baada ya kula nyama na pilipili usiku? Lakini twawaomba mtusikilize, kwa maana jambo hili limemgusa mmoja wa watoto wetu, na katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa.

Kijana huyo, ambaye jina lake hatutalitaja, ni mwana wa mwanachama mwenzetu. Alikwenda Marekani kusoma, akaingia katika jeshi la nchi ile, akatumika miaka sita. Katika kazi aliumia goti, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu vya aina ya ibuprofeni, akavimeza karibu kila siku. Goti likakubaliwa kuwa ni kilema kilichotokana na utumishi, naye akarudi nyumbani akipata fidia yake. Lakini alirudi na ugonjwa mwingine. Uchachu wa tumbo ulimpanda hadi kooni, akawa halali ila ameketi, na mara nyingine chakula kilikwama kifuani. Akapeleka madai, yakakataliwa. Ndipo baba yake akatuletea barua ile, akisema, "Ndugu zangu, ninyi mmesoma, tazameni neno hili."

Tuliipokea barua, tukaitia katika mtoto wa meza. Ikakaa humo miezi tisa. Tulidhani kwamba serikali kubwa ikisema hapana, basi ni hapana. Hatukusoma ukurasa wa mwisho, ulioandikwa wazi kwamba mwenye madai ana muda wa mwaka mmoja, tangu tarehe ya barua, kuomba shauri lake litazamwe tena. Ilibaki miezi mitatu tu tulipogundua. Twaungama kosa hili mbele yenu, na twaliandika katika taarifa hii ili lisirudiwe.

Sasa twapenda kuwaeleza tuliyojifunza, kwa kuwa Wakenya si wachache waliotumika katika jeshi la Marekani.

Sheria ya nchi ile yataka mambo matatu. La kwanza, ugonjwa uwepo sasa, nao uthibitishwe na daktari. La pili, kuwe na jambo lililotukia katika utumishi. La tatu, kuwe na kamba inayoyafunga mawili hayo, yaani neno la daktari kwamba hili limetokana na lile. Daktari hatakiwi kuapa kwamba ana hakika kamili. Yatosha aseme kwamba uwezekano wa kuwa ndivyo si mdogo kuliko uwezekano wa kuwa sivyo, kisha atoe sababu zake. Ushahidi wa pande mbili ukilingana katika mizani, sheria yaamuru askari ndiye apewe haki.

Madai ya kijana wetu yalisema kwamba kiungulia kilianza kambini, lakini vyeti vya kambi havikutaja kiungulia hata mara moja. Kumbe mlango wake ulikuwa mwingine. Sheria yakubali pia ugonjwa uliozaliwa na kilema kilichokwisha kukubaliwa, au uliozaliwa na dawa za kilema hicho. Goti lilileta vidonge, na vidonge vya namna ile vyajulikana kwa kudhuru tumbo na umio. Njia hiyo hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Njia za kuomba tena ni tatu, kwa sheria iliyotiwa sahihi mwaka 1917 na mia moja zaidi, yaani 2017, ikaanza kutumika Februari 2019. Ya kwanza ni madai ya nyongeza, nayo yahitaji ushahidi mpya unaohusu shauri. Ya pili ni kuomba ofisa wa cheo cha juu alitazame shauri upya, lakini huyo hapokei ushahidi mpya. Ya tatu ni rufani kwa Baraza la Rufani za Maveterani, ambako mtu aweza hata kuomba asikilizwe na hakimu. Baraza likikataa, iko mahakama juu yake, na muda wa kuiendea ni siku 120. Mwaka ukipita bila kufanya neno, askari aweza kuleta madai ya nyongeza baadaye, lakini kwa kawaida hupoteza tarehe yake ya kwanza, na pamoja nayo malipo ya nyuma. Miezi tisa ya barua ile mezani ingaliweza kumgharimu hayo.

Lazima pia tuwaambie jambo lisilopendeza. Hadi tarehe 19 Mei 2024 kiungulia hakikuwa na kipimo chake chenyewe. Kilipimwa kwa kipimo cha ngiri ya kiwambo, kwa asilimia 10, 30 au 60, na maumivu ya kifua na kucheua yalihesabiwa. Tangu siku ile kipimo ni kingine: 0, 10, 30, 50 au 80. Jambo linalotazamwa zaidi sasa ni kama umio umefanya kovu na kuwa mwembamba, na ni mara ngapi kwa mwaka madaktari wamelazimika kuupanua. Tena wembamba huo lazima uonekane kwa picha za eksirei baada ya kumeza dawa nyeupe, au kwa mashine nyingine ya picha, au kwa mpira wenye taa uingizwao kooni. Aliyekwisha kupewa kiwango kwa kanuni ya zamani hapunguziwi kwa sababu tu kanuni imebadilika.

Kwa hiyo mtu aweza kukubaliwa na bado akapewa sifuri. Sifuri hiyo asiitupe. Ni ungamo kwamba ugonjwa umetokana na utumishi, nayo yampa haki ya kutibiwa ugonjwa huo, hata kwa yule akaaye nchi za nje, kwa mpango maalumu wa malipo ya matibabu. Umio ukizidi kuharibika, ataomba kiwango kiongezwe.

Wazee wetu waliotumika katika King's African Rifles, wakapigana Burma, waliporudi mwaka 1945 na 1946 walilipwa kiinua mgongo kidogo kuliko askari Mzungu wa cheo kile kile. Wengi wao hawakujua wabishe mlango gani. Watoto wao na wajukuu wao wana mlango, na umeandikwa katika karatasi. Itakuwa aibu kwetu ukifungwa kwa sababu ya uvivu wa kusoma.

Halmashauri imeazimia hivi. Kila barua ya namna hii itasomwa yote ndani ya siku saba, na tarehe ya mwisho itaandikwa katika daftari kubwa. Tutamwelekeza kila mhusika kwa wasaidizi walioidhinishwa wa vyama vya maveterani, ambao hawatozi malipo kwa kazi hiyo, na tutamwonya ajihadhari na wale wanaodai fedha kabla hata uamuzi wa kwanza haujatolewa. Nanyi wazazi, waambieni watoto wenu wamwambie daktari wa kambi kila kinachowauma, hata kama ni kiungulia tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana wetu alipeleka madai ya nyongeza siku kumi na moja kabla ya mwaka kwisha, pamoja na barua ya daktari juu ya vidonge na picha za umio wake. Jibu bado halijafika. Twalingoja pamoja naye, na safari hii barua ikija, haitaingia katika mtoto wa meza.