Wakili Hashiki Simu: Tufanyeje?



Ndugu zangu vijana, leo siwazungumzii polisi. Nazungumzia watu wawili walio upande mmoja na bado hawasikizani: wakili na mteja wake.

Haya tunayajua. Kijana ameshikwa, familia imechanga, wakili amelipwa. Baada ya hapo simu haishikwi. Mama anafika kortini, anaambiwa kesi ilitajwa jana. Si jambo dogo hili. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana asipotokea, hakimu anaweza kutoa waranti ashikwe, na dhamana ikapotea. Aliyehukumiwa na hakimu kwa kesi ya jinai ana siku 14 za kukata rufaa. Zikipita, lazima kwanza aombe ruhusa. Wiki mbili za kimya zinatosha kumuumiza mtu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema aliyeshikwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na aruhusiwe kuzungumza na wakili. Sasa ikiwa polisi analazimika kukueleza kwa lugha yako, vipi wakili uliyemlipa akuzungumzie Kiingereza cha sheria halafu aondoke?

Basi tufanye hivi. Familia ichague mtu mmoja wa kuwasiliana na wakili. Wajomba kumi wakipiga simu, hakuna atakayejibiwa. Mtu huyo awe na daftari: nambari ya OB, nambari ya kesi, jina la korti, tarehe ijayo. Msitoke kortini bila kuijua tarehe hiyo. Mkishazungumza kwa simu, mtumie wakili ujumbe mfupi: "Tumekubaliana hivi na hivi." Malipo yaandikwe, risiti itolewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni, sisi tunaona haya kuomba risiti!

Na sisi wateja tuwe wakweli. Unayomwambia wakili wako kuhusu kesi yako ni siri inayolindwa na sheria. Unayomwambia rafiki barazani, au unayoyaweka kwenye status, hayalindwi. Ukimficha wakili jambo, atalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa kiongozi wa mashtaka, na hapo hawezi kukusaidia.

Mawakili wetu, nanyi tunawaomba. Kesi ya mtu ni amana. Hatusemi mshike simu usiku wa manane. Mwambieni mteja siku na saa ya kuwapata, na kama mko kortini, karani ajibu. Hata "hakuna jipya, tarehe ni ile ile" ni jibu. Mama aliyelijua hilo atalala.

Na wakili akinyamaza kabisa? Usianze na matusi mtandaoni. Mwandikie barua, taja tarehe ulizompigia, baki na nakala. Asipojibu, ipo tume ya kupokea malalamishi dhidi ya mawakili, chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Tena una haki ya kubadilisha wakili. Lakini fanya mapema, usingoje asubuhi ya kesi.

Ukitoka hapa, nenda kwa jirani mwenye kesi umuulize swali moja: tarehe yako ijayo ni lini? Akiwa haijui, msaidie leo hii kuitafuta.