Kitabu, Dawa na Mtoto wa Maskini



Kutoa ni wajibu wa kila aliyejaaliwa, na jambo hilo halina mabishano. Lakini liko swali ambalo huulizwa mara chache: kilichotolewa kimemfikia nani, nacho kimemfaa nini? Pengo baina ya mwenye nacho na asiye nacho halizibiki kwa nia njema peke yake. Ushahidi wa neno hili hauko mbali. Uko Busia, magharibi ya Kenya, hapo mpakani pa Uganda.

Katika miaka ya 1990 shule za msingi za huko zilikuwa na upungufu mkubwa wa vitabu. Shirika moja la Uholanzi likaazimia kuvigawa. Bwana Michael Kremer, mtaalamu wa elimu ya uchumi kutoka Marekani, ambaye ujanani mwake alipata kuwa mwalimu katika sehemu za Kakamega, akatoa shauri: shule zisipewe zote kwa mara moja, bali baadhi zitangulie na nyingine zingoje, ili hali zao zilinganishwe. Mwaka 1996 vitabu vikaanza kutolewa. Mitihani ilipofanywa, alama za wanafunzi kwa jumla hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu hapo. Kwani vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, nacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu; aliyekuwa nyuma hakuweza kuvisoma. Tazameni basi: kipawa kilichotolewa kwa wote kilimwongezea aliyekuwa nacho, na mnyonge akabaki pale pale.

Mwaka 1998 likaanza jambo jingine, na safari hii elimu ya uchumi haikwenda peke yake. Ilishirikiana na elimu ya tiba na ya malezi ya shule. Watoto walipopimwa, zaidi ya tisa katika kila kumi walikutwa na minyoo. Mtoto wa namna hiyo hupungukiwa damu, hulegea, na asubuhi hushindwa kwenda shule. Naye mzazi humdhania mvivu. Shule 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa mafungu matatu, kila fungu likapewa dawa kwa zamu yake. Wachunguzi wakafika shuleni bila kutangulizwa habari, wakaandika aliyepo na asiyepo. Ikaonekana kuwa kukosa shule kumepungua kwa kadiri ya robo. Hata watoto wasiomeza dawa katika shule zile walipungukiwa na minyoo, kwa kuwa mayai yake hutoka kwa mmoja, yakaanguka ardhini, yakampata mwingine. Amtibuye mtoto wa jirani amemkinga na wa kwake.

Haifai kusifu kupita kiasi. Alama za mitihani hazikupanda kwa dawa ile. Tena mwaka 2015 wataalamu wa London walizipitia hesabu zile, wakaona makosa, na mabishano yakawa makubwa. Lakini kazi iliyowekwa wazi hata wengine wakaweza kuisahihisha ndiyo kazi ya uaminifu. Watoto wale walifuatwa mpaka utu uzima. Na habari zilizotolewa mwaka 2021 zasema kuwa, baada ya miaka 20 hivi, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walipata ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 13. Bwana Kremer alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Mafundisho yake ni mepesi kusema na mazito kutenda. Umaskini ni fundo la kamba nyingi, na mwenye kuvuta kamba moja tu huenda akalikaza. Basi chama chochote kinachochanga fedha kwa ajili ya mayatima na wanafunzi na kimwite tabibu, mwalimu na mhasibu wakae pamoja. Na kimsikilize mama wa mtoto kabla ya kununua chochote. Kisha, mwaka ukipita, kirudi mlangoni kwake kuuliza: je, kimefaa?

Mwenyezi Mungu awajaalie watoao busara ya kutoa, na wapokeao manufaa ya kupokea. Amin.