Kambi za Michezo za Wageni: Zinamwachia Mtoto Nini?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Nyakato, Musoma)



Ndugu wenyeviti wa Jumuiya Ndogondogo, akina mama wa WAWATA, walezi wa watoto, na ninyi vijana. Mmetuomba tuzungumze juu ya vijana wa kujitolea wanaotoka Ulaya na Marekani kuja kuendesha kambi za michezo kwa watoto wa familia maskini. Wapo kati yenu wanaosema wageni hao ni baraka tupu; wapo pia wanaosema nauli zao zingetosha kujenga darasa. Sisi tumeyasikia yote mawili, na hatuko tayari kuyakubali upesi.

Mchezo si anasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1991. Wala hapa Mara hatuna haja ya kufundishwa kwamba mtoto wa kijijini ana kipaji. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, hapa jirani, mwaka 1953. Mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha katika mita 5,000, akitanguliwa na Miruts Yifter wa Ethiopia. Kipaji hakiletwi kwa ndege. Kinachopungua kwetu ni mtu wa kukitunza.

Turuhusuni tusimulie jambo lililotupata. Tulipokuwa tukihudumu katika parokia moja ya kando ya ziwa, walifika vijana kumi na wawili wakakaa wiki mbili. Walifanya kazi kwa moyo mweupe: walichora mistari ya uwanja kwa majivu, wakacheza na watoto juani mpaka ngozi zao zikababuka. Siku ya kuondoka watu walilia. Miezi michache baadaye mama mmoja akaja ofisini na karatasi ya rangi aliyoletewa na ndugu yake aliyekuwa masomoni ng'ambo. Ilikuwa karatasi ya kuombea michango. Juu yake kulikuwa na picha ya mwanawe akiwa ameshika mpira, na chini yake maneno kwamba huyu ni yatima aishiye mitaani. Mama akatuuliza, "Padre, kumbe mimi ni marehemu?" Baba wa mtoto alikuwa mweka hazina wa Jumuiya yao.

Hatukuwa na jibu. Ni kweli kwamba walioandika maneno yale walikosa, kwa maana umaskini si uyatima, na mtu hana ruhusa ya kuwaua wazazi wa mtoto ili apate fedha za kumnunulia viatu. Lakini kosa letu lilitangulia lao. Sisi ndio tuliowapa wageni watoto wale bila kumwuliza mzazi hata mmoja kama anakubali mwanawe apigwe picha. Tulikuwa tukiwaza mipira.

Liko jambo la pili, nalo ni la kalenda. Wageni wale walikuja Agosti. Kwao Agosti ni likizo. Kwetu shule zimekwisha kufunguliwa tangu Julai, na darasa la saba wanakabiliwa na mtihani wa Septemba. Hivyo kambi ikafanyika saa kumi jioni, na kwa saa hiyo wasichana wengi hawakuonekana, kwa sababu walikuwa wakichota maji na kutafuta kuni. Tukadhani hawapendi michezo! Na wale wavulana wa mialoni, ambao kwa hakika ndio wenye shida kuliko wote, hawakuwamo katika orodha. Ninyi mnaojua uvuvi wa dagaa mnafahamu kwamba taa huwashwa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu kazi husimama. Anayetaka kumpata mtoto wa mwalo na aangalie mwezi kwanza, kabla ya kukata tiketi.

Halafu tuutazame mwezi wa Desemba. Katika baadhi ya sehemu za mkoa wetu likizo hiyo ndiyo msimu wa kuwakeketa wasichana, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza tendo hilo kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kwa miaka mingi kimewapokea wasichana wanaokimbia. Hatusemi kwamba mpira wa pete unazuia kisu. Tunasema tu kwamba msichana aliye kambini pamoja na wenzake, chini ya uangalizi wa walezi wanaofahamika, yuko mahali panapojulikana. Mgeni atakayekubali kuja Desemba, akaacha sikukuu ya kwao, huyo tutamsikiliza kwa makini zaidi.

Je, iko mifano ya wageni waliofaulu? Iko, tena karibu. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, Mwairishi, alifika Iten, nchini Kenya, kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrisi. Alidhani atakaa miezi michache, wala hakuwa amesomea riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia. Mwaka 1989 akaanzisha kambi ya vijana wakati wa likizo. Naye akakaa Iten zaidi ya miaka arobaini. David Rudisha, aliyelelewa naye, alikimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Huko Mathare, Nairobi, Mkanada Bob Munro alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana, MYSA, mwaka 1987. Timu zilipata pointi za ligi kwa kushinda na pia kwa kusafisha taka za mtaa, na uongozi ukawekwa mikononi mwa vijana wenyewe. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliwatunuku kwa kazi hiyo. Timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Wageni wawili hawa walikaa, ama waliacha watu wa kukaa.

Si kila kijana wa ng'ambo aweza kukaa miaka arobaini, nasi hatumdai hivyo. Lakini hata wa wiki mbili aweza kuzitumia kumfundisha mwalimu wetu wa michezo, badala ya kukimbizana na watoto mwenyewe huku mwalimu akishika koti. Tena yafaa tumfahamu kabla hajafika: anatumwa na nani, na nani anamdhamini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimsamehe mtu kwa kuwa ametoka mbali, wala haitusamehe sisi tuliompokea.

Mezani kwetu ipo barua ya kikundi kinachoomba kuja. Tarehe walizopendekeza ni za Agosti. Kabla hatujaijibu tungependa tuwasikie akina mama kwanza, kisha walimu. Vijana nao watusomee hesabu ya mipira iliyosalia stoo, na watuambie kama pampu ipo.