Siku ya Kupimwa

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Jericho kesho atakwenda Hospitali ya Kenyatta kupangiwa tiba ya mionzi. Anaogopa kuchomwa. Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipouliza. Siku hiyo ni ya kupimwa tu: atalala bila kujitikisa, apigwe picha, atiwe alama ndogo ngozini. Alama hizo asizifute, maana ndizo zitakazoelekeza mionzi siku za matibabu.

Bwana Yesu kule Gethsemane aliwaomba wenzake wakeshe naye, nao wakalala. Sisi je? Chumba cha picha ataingia peke yake. Njiani asiwe peke yake. Tupande basi pamoja naye, tumngoje mlangoni. Ee Bwana, utuamshe. Amina.