Taa ya Kuku: Tununue au Tuache?



Vikundi vingi vinauliza: tukiweka taa katika nyumba ya kuku, mayai yataongezeka kweli? Kabla ya kutoa pesa ya kikundi, tuelewane.

Mwili wa ndege huhesabu mwanga. Mwanga hupenya fuvu mpaka ubongoni, na ubongo huamsha viungo vya uzazi. Kuanzia mwaka 1924, Profesa William Rowan wa Edmonton, Kanada, aliweka ndege wadogo nje wakati wa baridi kali, akawaongezea mwanga wa umeme kidogo kidogo kila siku. Viungo vyao vya uzazi vikakua katikati ya baridi. Basi si joto lililowaamsha, ni mwanga.

Huko Edmonton mchana wa Desemba haufiki masaa 8. Wa Juni hufika masaa 17. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima. Ndiyo maana kwelea, wale wanaomaliza mtama wetu, hungoja mvua. Nyasi zikichipuka na wadudu wakijaa, ndipo wanajenga viota.

Na kuku wa mayai? Hao hutaga vizuri wakipata masaa 14 hadi 16 ya mwanga. Kwa hivyo taa yaweza kusaidia, lakini tushike haya:

1. Chakula na maji kwanza. Kuku mwenye njaa hatagi kwa sababu ya taa.

2. Tusiwawashie kuku ambao hawajakomaa. Wakianza mapema, mayai huwa madogo na wengine hutokwa na kizazi.

3. Tuongeze nusu saa kila wiki, tusipite masaa 16. Wakati wa kuwasha na kuzima usibadilike. Mwanga ukipungua ghafla, mayai hupungua na kuku hunyonyoka manyoya.

4. Koroboi isiingie kwenye maranda. Moto mmoja humaliza mtaji wote. Taa ndogo ya sola yatosha, bora uweze kusoma gazeti hapo kuku wanapolia chakula.

Anzeni na kuku wachache. Andikeni kwa daftari mayai ya kila siku, bei ya chakula na bei ya taa, kwa miezi mitatu. Hesabu hiyo isomwe mkutanoni mbele ya wote. Hapo ndipo mtajua kama taa inajilipa.