Mto mmoja, watumiaji wengi
(Mazungumzo na wakulima na wafugaji wa Usangu)



Leo tuzungumze juu ya Mto Ruaha Mkuu.

Maji yake hushuka kutoka milimani, yakaingia mashamba yetu ya mpunga. Kisha hupita Ihefu, yakaenda Hifadhi ya Ruaha. Mbele huko huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mkulima, mfugaji, mvuvi, tembo na mwenye taa mjini, wote wanategemea maji hayo hayo.

Mwaka 1993 mto ulikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Tangu hapo umekauka miaka mingi. Mkulima akasema, "Ni ng'ombe." Mfugaji akasema, "Ni mpunga." Je, maji yalirudi kwa maneno hayo? Hayakurudi.

Nani basi aulinde mto? Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji hutoa vibali vya kutumia maji, lakini haiwezi kulala kwenye kila banio. Serikali ya kijiji hupanga malisho yawe wapi na mashamba wapi, lakini haiwezi kuamuru kijiji cha juu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana Sheria ya maji ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji. Humo watu wa juu na wa chini hukaa pamoja, hupanga zamu na kuamua ugomvi.

Kiangazi kimoja nilikuta darasa langu la kisomo tupu. Kumbe wanakisomo walikesha mferejini, kila mmoja na panga lake, akilinda maji. Niliogopa kwamba damu itamwagika. Baadaye wazee waliwakalisha, zamu zikaandikwa kwenye daftari. Wiki iliyofuata darasa likajaa.

Ndugu zangu, fanyeni mambo manne. Kwanza, ingieni katika jumuiya, wake kwa waume. Pili, msilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, sheria inakataza. Tatu, mkishavuna fungeni banio, maji yarudi mtoni, yasipotee bure mferejini. Nne, tumieni kusoma kwenu. Kibali kinataja kiasi cha maji: kisomeni. Daftari la zamu lina jina lako na siku yako: lisome, na mwenzako naye alisome.

Daftari likisomwa na wote, panga litabaki nyumbani.