Mtoto Aulizaye si Mkaidi



Nimetakiwa niseme juu ya kuwafundisha watoto wetu kweli. Wengi wetu tulilelewa kwa amri: mkubwa akinena, mdogo husikiliza. Adabu hiyo siikatai. Lakini mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400. Ni wafuasi wa mhubiri mmoja, aliyeshtakiwa kwamba aliwafundisha wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Mtoto humfuata mzazi, na wazazi wale walimfuata mhubiri. Je, katika nyumba zile, nani aliyeruhusiwa kuuliza, “Neno hili limeandikwa wapi?”

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 17. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, mtume hasa, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo alivyosema. Hawakukemewa, walisifiwa.

Basi mtoto akiuliza, “Babu, umejuaje?” tusimkaripie. Tumwonyeshe mahali palipoandikwa, na tusipojua tukiri. (Hilo la pili ndilo lililo zito kwetu wenye mvi.)

Juzi niliwasomea wa nyumbani kwangu habari iliyoletwa katika simu, kwa sauti kubwa. Mjukuu wangu akauliza ni nani aliyeiandika. Nilitafuta jina, nisilione. Nikaifuta, naye akinitazama.